Anayenunua mkaa si anayenunua jiko: hesabu ya matumizi ya nyumbani Singida

Na Mwandishi Wetu, Singida

JIONI, katika mitaa ya Singida mjini, biashara ya mkaa huchangamka kuliko asubuhi. Gunia limefunguliwa kando ya njia, mbele yake makopo yamepangwa kwa ukubwa, na mtoto aliyetumwa na mama yake ameshika noti iliyokunjwa. Anapimiwa kopo moja, anaondoka. Kesho saa hiyohiyo atarudi.

Hatua chache mbele, kijana wa mkokoteni anashusha madumu ya maji mlangoni kwa mteja. Nyumba ya jirani, mpangaji ananunua umeme wa Sh2,000 kwa simu na kuingiza namba kwenye mita ya LUKU, akiomba usiishe kabla ya wiki kwisha.

Manunuzi hayo matatu ni madogo, na kwa kuwa ni madogo hakuna anayeyaandika. Ukimuuliza baba wa nyumba kodi ya pango ni kiasi gani, atakujibu bila kufikiri. Ukimuuliza mkaa, maji na umeme vimekula kiasi gani mwezi uliopita, atamtazama mkewe. Naye atakutajia bei ya kopo, ya dumu na ya uniti, kwa sababu hivyo ndivyo anavyonunua.

Kwa miaka mingi wananchi wameambiwa waache mkaa, wavune maji ya mvua na wazime taa kwa ajili ya misitu na tabianchi. Ni kweli, na Singida ina kila sababu ya kusikia. Lakini kuna hoja iliyo karibu zaidi na mlaji: karibu kila tabia inayookoa mti au maji katika nyumba ya Singida inaokoa pia fedha za nyumba hiyo. Swali ni kwa nini basi haifuatwi. Jibu, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, liko kwenye mgawanyo wa fedha ndani ya nyumba. Anayelipa kidogokidogo kila siku, mara nyingi, siye mwenye uamuzi wa kununua kitu ambacho kingemwondolea malipo hayo.

Mvua ya msimu mmoja, miti inayokua polepole

Singida iko katikati ya nchi, kwenye ukanda mkavu. Hupata mvua ya kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, katika msimu mmoja unaoanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili. Baada ya hapo ni jua na upepo.

Katika mazingira hayo mti hukua polepole, lakini huchukua saa chache tu kukatwa. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,008,058 mkoani humo. Wote wanapika kila siku, na walio wengi wanapikia kuni au mkaa.

Picha ya nchi nzima haitofautiani. Kwa takwimu zilizotumika kuandaa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, asilimia 63.5 ya kaya nchini hutegemea kuni na asilimia 26.2 mkaa. Gesi ilikuwa asilimia 5.1, umeme asilimia 3 tu. Serikali imekuwa ikieleza kuwa Tanzania hupoteza hekta 469,420 za misitu kila mwaka, na ukataji wa miti kwa ajili ya kuni na mkaa ni miongoni mwa sababu zake kubwa. Mkakati huohuo unataja vifo zaidi ya 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi wa majumbani.

Manyoni na Itigi ndiko wengi hutazama mkaa unapotajwa. Huko ndiko kuna vichaka vya Itigi, uoto mnene usiopatikana sehemu nyingi duniani, unaopungua kwa kilimo na kwa tanuri za mkaa. Katika tanuri la asili la kufukia kwa udongo, tani moja ya mkaa huhitaji kati ya tani tano na kumi za kuni. Sehemu kubwa ya mti huishia hewani porini, kabla gunia halijafungwa.

Itakuwa si haki kusema Singida haijali misitu. Mwaka 1995 msitu wa Mgori, wenye ukubwa wa hekta zipatazo 44,000, uliwekwa chini ya ulinzi wa vijiji vitano vinavyouzunguka, ukiwa miongoni mwa mifano ya mwanzo kabisa nchini ya wanakijiji kusimamia msitu wao wenyewe. Watu wa mkoa huu wanajua thamani ya mti. Tatizo linaanzia jikoni.

Upepo unakula mkaa

Anza na jambo lisilogharimu hata shilingi. Singida ni mkoa wa upepo, kiasi kwamba wawekezaji wamekuwa wakipanga kuweka mitambo ya kuzalishia umeme. Upepo huohuo, jiko la mkaa likiwekwa uani pasipo kinga, huchochea makaa yaungue upesi huku joto likipeperushwa pembeni ya sufuria. Mama anaona moto mkali, anadhani chakula kitawahi. Kinachowahi kwisha ni mkaa.

Ukuta mfupi wa matofali, bati kuukuu au hata kona ya nyumba inatosha kuukinga. Onyo ni moja: usilihamishie jiko ndani ya chumba kilichofungwa, kwani gesi ya mkaa haina harufu na inaua watu usingizini.

Pili ni maharage na makande. Vyakula hivi ndivyo vinavyokula mkaa kuliko vyote, kwa kuwa huchemka saa nyingi. Kuviloweka usiku kucha hupunguza muda wa kuiva kwa kiasi kikubwa. Kufunika sufuria kwa mfuniko unaokaa sawasawa nako kunasaidia. Vilevile kuna kuondoa makaa yaliyozidi mara chakula kinapoanza kutokota, kwa sababu maji yanayochemka taratibu yana joto lilelile la maji yanayorukaruka. Makaa hayo yakizimwa kwenye kopo lenye mfuniko, kesho yanawashwa tena.

Tatu ni jiko lenyewe. Mafiga matatu hupeleka kwenye sufuria sehemu ndogo tu ya joto la kuni, takriban asilimia 10 hadi 15. Jiko banifu lililojengwa kwa udongo, lenye mlango mmoja wa kuni na mahali pa sufuria kukaa bila kuacha mwanya, hutumia kuni pungufu sana. Mfinyanzi wa kijiji anaweza kulijenga kwa udongo wa hapohapo. Kwa upande wa mkaa, jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani, lililoenea Kenya tangu miaka ya mwanzo ya 1980 na baadaye kuingia kwetu, huokoa mkaa kati ya asilimia 30 na 50 likilinganishwa na jiko la bati tupu. Kaya inayonunua makopo mawili kwa siku inaweza kushuka hadi moja au moja na nusu.

> Maharage kwenye jiko la presha la umeme: nusu uniti. Maharage yaleyale kwenye jiko la koili: karibu uniti nne.

Kisha kuna umeme, na hapa pana hofu kubwa kuliko hesabu. Watu wengi wameshaona jiko la koili likimaliza uniti na wakaapa kutopikia umeme tena. Hofu hiyo ina msingi. Koili ya wati 1,500 ikichemsha maharage kwa saa mbili na nusu hutumia uniti 3.75. Kwa bei ya juu ya Sh356 kwa uniti, hiyo ni Sh1,335 kwa sufuria moja.

Jiko la presha la umeme ni kitu kingine kabisa. Lina nguvu ya wati 1,000 hivi, limefungwa pande zote, na likishafikia joto hujizima na kujiwasha kwa muda mfupi mfupi. Likivuta umeme kwa jumla ya nusu saa limetumia nusu uniti. Kwa mteja wa bei ya chini, ya Sh122 kwa uniti, hiyo ni Sh61. Kwa mteja wa bei ya juu ni Sh178. Hakuna kopo la mkaa la kuivishia maharage linalouzwa kwa bei hiyo, Singida wala kwingine.

Wanaolipinga wana hoja mbili. Ya kwanza ni ladha na ugali: jiko la presha halisongi ugali wa mtama wala wa uwele vizuri, na nyumba ya Singida bila ugali haijala. Hiyo ni kweli, na ndiyo maana ushauri wa busara ni kuliacha jiko la presha lifanye kazi ya vyakula vigumu, maharage, makande, nyama na kuku wa kienyeji, huku ugali na mlenda vikiendelea kwenye gesi au jiko banifu. Ya pili ni kukatika kwa umeme. Mgao wa umeme wa mwaka 2023 bado unakumbukwa. Tangu Februari 2024, mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ulipoanza kuingiza umeme kwenye gridi, hali ya uzalishaji imebadilika, kwani bwawa hilo lina uwezo wa megawati 2,115. Nguzo zikianguka mtaani bado giza linaingia, lakini maharage yanaweza kupikwa mchana umeme ukiwapo na kupashwa moto jioni.

Mtungi wa gesi na hela ya mara moja

Mei 8, 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Siku chache baadaye, Mei 14, alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa nishati safi ya kupikia kwa Afrika uliofanyika Paris.

Utekelezaji ulifika hadi wilayani. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, uliandaa mitungi 452,445 ya kilo sita kwa bei ya ruzuku, sawa na mitungi 3,255 kwa kila wilaya. Ni hatua nzuri. Lakini weka idadi hiyo mbele ya mkoa wenye watu zaidi ya milioni mbili, kisha jiulize nini kinatokea mtungi unapokwisha.

Hapo ndipo mpango unapokwama. Mtungi wa kwanza ulikuja na ruzuku, ila kuujaza tena kunahitaji fedha nyingi kwa mara moja, siku ambayo hukuipanga. Mkaa haudai hivyo. Mkaa unauzwa kwa kopo, hata kwa fungu, na mwenye Sh1,000 anapika leo. Matokeo yake mtungi unawekwa kabatini kwa ajili ya wageni na chai ya asubuhi, na jiko la mkaa linarudi uani.

Dar es Salaam kampuni ya KopaGas ilishajaribu njia ya kufunga mita kwenye mtungi ili mteja alipie gesi kidogokidogo kwa simu, kadiri anavyotumia. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na kampuni ya Circle Gas, na huduma ya aina hiyo ikaenea Nairobi. Kama Serikali inataka mitungi ya Singida isibaki pambo, fedha ya ruzuku ingefaa ielekezwe zaidi kwenye mita za namna hiyo na kwenye vituo vya kujazia vilivyo karibu na vijiji. Mtungi mtupu hauokoi mti.

Mita moja, wapangaji wanne

Suala la umeme ndilo linaloumiza zaidi, kwa sababu linamtoza asiye na kosa.

Kwa bei zilizoanza kutumika Aprili 2016 kwa idhini ya mdhibiti wa huduma za nishati, EWURA, mteja mdogo wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi uniti 75 kwa mwezi, aliye kundi la D1, hulipa Sh100 kwa uniti. Akizidisha, kila uniti ya ziada ni Sh350. Mteja wa kundi la T1, ambalo ni la matumizi makubwa zaidi, hulipa Sh292. Ukiongeza kodi ya ongezeko la thamani na tozo za REA na EWURA, jumla asilimia 22, uniti ya D1 inakuwa Sh122 na ya T1 Sh356. Bidhaa ni ileile, waya ni uleule, na mmoja analipa karibu mara tatu ya mwenzake.

Bei hii ya chini iliwekwa kwa ajili ya mtu wa kipato kidogo. Sasa fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba vinne na mita moja. Kila mpangaji anatumia uniti 30 tu kwa mwezi: taa, televisheni, pasi na simu. Kila mmoja peke yake ni mteja mdogo. Kwa pamoja wanafika uniti 120, na mita haijui kuhesabu watu. Nyumba inaingia T1, na kila chumba kinalipa Sh10,680 badala ya Sh3,660.

> Wapangaji wanne wenye uniti 30 kila mmoja: kwa mita moja ya T1, kila chumba kinalipa Sh10,680. Kila kimoja kingekuwa na mita yake, kingelipa Sh3,660.

Tofauti ni Sh7,020 kwa mwezi, Sh84,240 kwa mwaka, kwa kila chumba. Ile mita ndogo ya kugawana matumizi ambayo baadhi ya wenye nyumba hufunga inasaidia kuondoa ugomvi wa nani ametumia zaidi, lakini haibadilishi kundi la bei. Dawa ni mita ya shirika la umeme, TANESCO, kwa kila mpangaji. Vijijini, ambako gharama ya kuunganishwa ni Sh27,000, fedha hiyo inarudi ndani ya miezi minne. Mjini, ambako gharama ilirudishwa kuwa Sh320,960 mwaka 2022, inahitaji karibu miaka minne. Mpangaji gani atawekeza miaka minne kwenye nyumba ya mtu?

Juu ya hapo kuna kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, na kwa nyumba ya kawaida sasa ni Sh1,500 kila mwezi. Kisheria ni deni la mwenye jengo. Anayekatwa ni yule aliyenunua umeme mwanzo wa mwezi.

Mpangaji asiye na uwezo wa kubadili mita anabaki na kitu kimoja mikononi mwake: kupunguza uniti. Na inawezekana. Balbu tatu za zamani za wati 60, zikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti 27 kwa mwezi. Balbu tatu za LED za wati tisa, mwanga karibu sawa, hula uniti nne. Tofauti hiyo ya uniti 23 ni karibu theluthi moja ya kiwango chote cha D1, na kwa nyumba iliyo karibu na mpaka wa uniti 75 ndiyo inayoamua uko upande upi wa bei. Nguo za shule zikipigwa pasi zote Jumapili mara moja, pasi haipashwi moto upya kila asubuhi. Hita ya kuchemshia maji ya kuoga, wakati jua la Singida linaweza kupasha ndoo nyeusi iliyoachwa uani mchana kutwa, ni anasa inayolipiwa bei ghali.

Bati bila gata

Nyumba ya asili ya Mnyaturu na ya Mgogo, tembe, ilikuwa na paa bapa la udongo. Ilikuwa na baridi mchana na joto usiku. Nyumba za bati zilizoichukulia nafasi zimepoteza ubaridi ule, lakini zimeleta kitu ambacho tembe haikuwa nacho: paa safi linaloweza kukusanya maji. Ajabu ni kwamba nyumba nyingi zimelipokea joto la bati na kuyaacha maji yake yamwagike chini, yachimbe msingi na kutiririka barabarani.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Nyumba ya mita nane kwa sita ina paa la mita za mraba 48. Kwa mvua ya milimita 600 kwa mwaka, ukitoa asilimia 20 inayopotea kwa kuruka na kukauka, paa hilo linatoa lita 23,040. Hiyo ni madumu 1,152 ya lita 20. Zidisha kwa bei ya dumu moja mtaani kwako, katika mwezi ambao mkokoteni unauza ghali.

Si rahisi kuyahifadhi yote. Tangi la ukubwa huo ni gharama. Lakini kwa maji ya kunywa na kupikia pekee, dumu moja kwa siku, familia inahitaji lita 4,200 kuvuka miezi saba ya ukame. Tangi la lita 5,000 linatosha na kubaki. Hata pipa moja chini ya gata fupi juu ya mlango lina faida, kwani mvua moja ya milimita 25 huleta lita 960 kutoka paa zima.

Kuna sababu nyingine ya kuyathamini maji hayo, nayo haihusu fedha peke yake. Singida ni miongoni mwa mikoa ambayo maji yake ya chini ya ardhi, katika maeneo kadhaa, yana madini ya floraidi kwa wingi, na mengine yana chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka floraidi isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Watoto wanaokunywa zaidi ya hapo kwa miaka mingi huota meno yenye madoa ya kahawia, na wakizidishiwa sana hudhurika mifupa. Maji ya mvua hayana floraidi hiyo. Kinachotakiwa ni kuacha mvua ya kwanza ioshe paa na gata kabla ya kuanza kukinga, kufunika tangi vizuri ili mbu wasizaliane, na kuchemsha maji ya kunywa.

Maji ya kuoshea vyombo na mboga nayo yana kazi. Mche wa papai, matuta mawili ya mchicha na mbegu za maboga nyuma ya nyumba hustawi kwa maji hayo hata Agosti. Mabaki ya jikoni yanalisha kuku, na kuku wa Singida hana haja ya kutangazwa.

Mchoma mkaa naye ana watoto

Ni rahisi kwa mwandishi wa mjini kumlaumu mchoma mkaa. Yeye anaona mambo kwa jicho jingine. Mwaka ambao mvua imekatika Februari na alizeti imenyaukia shambani, tanuri moja linampa fedha ndani ya wiki mbili. Hakuna zao linaloweza kufanya hivyo. Anayemwambia aache bila kumwonyesha kitu kingine anamwambia asipeleke watoto shule.

Kitu kingine kipo, ingawa hakilipi haraka. Asali ya Manyoni na Itigi ina jina nchini kote, na mti uliofungwa mzinga hutoa fedha kila msimu, wakati mti uliochomwa hutoa mara moja. Makapi ya alizeti kutoka kwenye mashine za kukamua mafuta, na mabua yanayochomwa bure mashambani baada ya mavuno, vinaweza kugandamizwa kuwa mkaa mbadala. Mkoa unaolima alizeti kwa wingi kama Singida una malighafi hiyo mlangoni. Kikundi cha vijana wanaouza mkaa wa makapi kinaweza kumlipa mchoma mkaa wa zamani mshahara.

Biogesi pia hutajwa, kwa kuwa ng'ombe ni wengi. Lakini mtambo wa kawaida unahitaji maji karibu sawa na kinyesi, kila siku, na Septemba hayo maji ni shida. Itawafaa wenye ng'ombe wa ndani na kisima karibu. Wengine tusiwadanganye.

Nani ana kauli

Rudi sasa kwenye fedha za nyumbani. Katika kaya nyingi, hela ya kila siku iko kwa mama: mboga, mkaa, sabuni, maji. Hela kubwa, ile ya magunia ya alizeti au vitunguu, hukaa kwa baba. Jiko la presha au tangi ni ununuzi wa hela kubwa. Kinachookolewa ni hela ndogo. Basi baba anaombwa anunue kitu ambacho faida yake hataiona mfukoni mwake, na mama anayebeba gharama hana kauli. Kwa mpangaji na mwenye nyumba ni vivyo hivyo: gata ni la mwenye nyumba, maji anayenunua ni mpangaji.

> Gata ni la mwenye nyumba, maji anayenunua ni mpangaji.

Ndiyo maana mahubiri ya mazingira hayatoshi. Njia zilizopo zinahusu makubaliano. Kikoba cha akina mama wa mtaa kinaweza kuweka mzunguko wa majiko kama walivyozoea mzunguko wa vyombo, kila wiki mmoja anapata. Mpangaji anaweza kumwomba mwenye nyumba afunge gata au mita ya ziada na gharama ikatwe kwenye kodi ya miezi kadhaa, kwa maandishi, mbele ya mjumbe wa mtaa. Halmashauri, ambazo hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kuwakopesha wanawake, vijana na watu wenye ulemavu kwa mgawanyo wa nne, nne na mbili, na ambazo zilirejesha mikopo hiyo mwaka 2024 baada ya kusitishwa mwaka uliotangulia, zinaweza kuvipa kipaumbele vikundi vinavyofyatua majiko banifu na mkaa wa makapi.

Na TANESCO pamoja na EWURA waangalie upya nyumba za kupanga. Bei ya mnyonge isiyomfikia mnyonge kwa sababu tu anaishi chumba kimoja na hana mita yake inahitaji kurekebishwa, ama kwa kushusha gharama ya mita ya pili ndani ya nyumba moja, ama kwa kuhesabu kaya badala ya mita.

Kwa familia zenyewe, kalenda ya Singida inatoa nafasi. Fedha ya alizeti huanza kuingia Juni, na mvua hurudi Novemba. Baba wa nyumba, kabla fedha hiyo haijaisha, kaa na mama watoto mwandike matumizi ya mkaa, maji na umeme ya mwezi mmoja tu, kisha mwamue pamoja kitakachonunuliwa kwanza. Nawe mwenye nyumba ya kupanga, funga gata kabla ya Novemba.